Mtoto anayefunga choo mwezi baada ya mwezi: jinsi ya kutumia dawa ya kulainisha mpaka apone

Ukimkuta mtoto wa miaka miwili kajibanza nyuma ya pazia, kalikamata kwa mikono yote miwili, miguu kaipishanisha, kasimama kwa ncha za vidole na uso umemwiva, usimwambie "sukuma mwanangu, sukuma". Hasukumi. Anazuia. Anakaza makalio kwa nguvu zake zote ili choo kisitoke, kwa sababu mara ya mwisho kilipotoka kilimuumiza.

Mimi ilinichukua miezi minne kulijua hilo. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, nimemwachisha ziwa, tumeingia kwenye maziwa ya ng'ombe: asubuhi kikombe, mchana kikombe, usiku chupa. Siku moja akapata choo kikubwa, kigumu kama jiwe, kikamchana. Kwenye pampasi kulikuwa na mstari wa damu mbichi. Tangu siku hiyo akawa anakaa siku nne, tano, hata saba. Nilimpa dawa ya kulainisha choo mara tatu, na mara zote tatu niliiacha baada ya siku tano kwa kuwa alishapata choo. Hapo ndipo nilipokosea, na wazazi wengi niliozungumza nao baadaye walikosea hapohapo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jambo moja: dawa itolewe kwa kipimo cha kutosha, kila siku, kwa miezi, na iachwe polepole.

Ninaandika kwa ajili ya mzazi wa mtoto wa mwaka 1 hadi 4. Wa chini ya mwaka mmoja apelekwe kwa daktari kabla ya kupewa chochote. Na hata kwa huyu mkubwa, vipimo nitakavyovitaja ni vya kukusaidia kuelewa na kuuliza maswali. Cha mtoto wako apange daktari aliyempima uzito na kumshika tumbo.

Kinachoendelea tumboni

Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Choo kikikaa humo muda mrefu, maji yanazidi kunyonywa, kinakauka, kinajikusanya na kuwa kikubwa. Kikifika kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho kabisa kabla ya kutoka, mtoto anahisi haja, anakumbuka maumivu, anabana. Haja inapita. Kesho yake choo ni kigumu zaidi. Wiki zikienda, puru inatanuka, na ikishatanuka haimpi tena mtoto taarifa mapema kwamba imejaa. Anaposema hana haja hakudanganyi. Kweli hahisi.

Kwa hiyo choo kimoja laini hakimponyi. Puru inahitaji wiki hadi miezi ya kukaa bila mzigo ndipo irudi kwenye ukubwa wake, na mtoto anahitaji kwenda haja mara nyingi sana bila kuumia ndipo aache kuogopa.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni tatizo sugu

Kukosa choo siku mbili baada ya safari si ugonjwa. Vigezo ambavyo madaktari wa watoto wanatumia, vinavyoitwa Roma IV na vilivyotolewa mwaka 2016, kwa mtoto wa chini ya miaka 4 vinataka angalau mambo mawili kati ya haya yawe yamedumu mwezi mmoja: anapata choo mara mbili au pungufu kwa wiki, ana mazoea ya kuzuia choo, choo ni kigumu au kinamuuma, choo ni kinene kupita kiasi, au daktari akimpima anakuta donge kubwa kwenye puru. Kwa mtoto aliyekwisha acha pampasi, kujichafua nguo walau mara moja kwa wiki nako kunahesabiwa.

Angalia umbo la choo, usihesabu siku peke yake. Kuna chati iliyochapishwa mwaka 1997, inaitwa chati ya Bristol kwa jina la mji wa Uingereza ilikotengenezwa, inayogawa choo katika aina 7. Aina ya 1 ni vipande vidogo vigumu kama mavi ya mbuzi. Ya 2 ni kirefu chenye mabonge yaliyoshikana. Ya 3 kina nyufa juu. Ya 4 ni laini na kirefu kama ndizi mbivu iliyomenywa. Ya 5 ni vipande laini, ya 6 ni kama uji mzito, ya 7 ni maji matupu. Mwombe daktari akuonyeshe picha yake, au itafute kwenye simu na kuihifadhi. Kumwambia daktari "juzi aina ya 2, leo aina ya 1" kunamsaidia kuliko kumwambia "choo chake kigumu".

Halafu kuna choo kinachodanganya. Donge likiziba njia, choo cha maji kilicho juu yake kinapenya pembeni na kuchafua pampasi mara tano au sita kwa siku. Mzazi anaona mtoto anaharisha. Zahanati moja niliyokwenda nilipewa ORS na zinki, na hakuna aliyemshika mtoto tumbo, wakati zilikuwa zimepita siku nane bila choo chenye umbo. Mtoto aliyekuwa akifunga choo kwa wiki kadhaa akianza ghafla "kuharisha" kidogokidogo, huku tumbo limejaa na hamu ya kula imepungua, sema wazi mbele ya daktari: "Alikuwa amefunga choo kabla ya hapa." Na usimpe kabisa dawa ya kuzuia kuharisha.

Hatua ya pili: mpeleke apimwe kabla hujaanza

Beba kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ulioko humo ni ushahidi mkubwa: mtoto anayekua vizuri, anacheza, na tatizo lake lilianza baada ya kuachishwa ziwa, kubadilishiwa maziwa au kufundishwa poti, mara nyingi hana ugonjwa mwingine uliojificha. Daktari atakuuliza mengi, atamshika mtoto tumbo, ataangalia njia ya haja kubwa kwa nje, mgongo na miguu. Picha ya eksirei kwa kawaida haihitajiki, kwa hiyo usione umepuuzwa ukirudishwa bila picha.

Atakuuliza pia kuhusu siku za kuzaliwa. Mtoto mchanga aliyetimiza miezi hupata choo chake cha kwanza cheusi ndani ya saa 24, wachache hadi saa 48. Aliyechelewa zaidi ya hapo, au aliyeanza kufunga choo tangu mwezi wake wa kwanza, anaweza kuwa na ugonjwa wa Hirschsprung, wenye jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886. Sehemu ya utumbo wa mtoto huyo imekosa tangu kuzaliwa seli za neva zinazouongoza kusukuma, na tiba yake ni upasuaji. Dawa ya kulainisha choo haitamponya, itachelewesha tu.

Usisubiri kliniki ya wiki ijayo, nenda hospitali leo, ukiona anatapika kijani, tumbo limevimba na kukaza, ana homa pamoja na tumbo kujaa, au amelegea. Na mtaje kwa daktari mapema mtoto asiyeongezeka uzito, mwenye miguu dhaifu au aliyeanza kutembea vibaya, mwenye kishimo au kishungi cha nywele chini ya mgongo, anayepata choo chembamba kama utepe kila siku, au mwenye damu kwenye choo bila mchaniko unaoonekana.

Hatua ya tatu: ondoa kwanza kilichorundikana

Ikiwa daktari amekuta donge, ukianza na kipimo kidogo cha kila siku hutafika popote. Choo kipya laini kitapita pembeni ya kile cha zamani, utafua nguo mchana kutwa na utasema dawa haifai. Lazima kilichojaa kitoke kwanza.

Dawa inayopendekezwa zaidi kwa kazi hii ni makrogoli, unga unaoyeyushwa kwenye maji na kunywewa. Kwa kusafisha, mwongozo wa kitaalamu ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku 3 hadi 6. Mtoto wa kilo 12 anapata kati ya gramu 12 na 18 kwa siku, kiasi ambacho kinaweza kukutisha. Kinanywewa kidogokidogo mchana kutwa. Soma gramu zilizoandikwa kwenye paketi kabla hujatoka dukani: paketi za watu wazima zina gramu 13 hivi za makrogoli, za watoto nusu yake, na kwa nje zinafanana. Yeyusha kwa kiasi kilekile cha maji kilichoandikwa. Maji hayo yanashikwa na dawa yaende nayo hadi kwenye choo, kwa hiyo usiyahesabu kama maji ya kunywa, mpe mengine.

Makrogoli haipatikani kila mahali, na bei yake si rafiki. Daktari anaweza kuchagua laktulosi, sirapu ya kulainisha choo, kwa kipimo kikubwa, au enema, yaani dawa ya maji inayoingizwa njia ya haja kubwa, hospitalini kwa siku chache. Enema asipewe nyumbani. Zile zenye fosfeti zinaweza kuvuruga chumvi za mwili wa mtoto mdogo hadi kuhatarisha maisha yake, na hata ile salama ikifanywa kwa kumkamata kwa nguvu inamwongezea hofu ileile unayotaka kuitoa.

Siku hizo za kusafisha zitakuwa chafu. Panga ziwe siku ambazo mmoja wenu yuko nyumbani, nunua pampasi za ziada, tandika mpira kitandani. Tumbo litamsokota kidogo. Utaona mabonge, kisha choo cheusi chenye harufu kali, kisha maji yenye vipande. Kwa binti yangu ilikuwa siku ya tatu mchana. Kilitoka choo ambacho sikuamini kingeweza kukaa ndani ya mtoto yule, na jioni akala sahani nzima ya wali na samaki baada ya wiki mbili za kususia chakula. Daktari ndiye atakayekwambia kazi imekwisha; kwa kawaida ni pale kinapotoka cha majimaji bila mabonge na tumbo limelainika.

Niseme hapa yale ambayo bibi na majirani watakushauri. Kipande cha sabuni kinachochongwa na kuingizwa njia ya haja: sabuni inaunguza ngozi laini ya ndani, na mahali hapo tayari pana mchaniko. Sanamaki iliyochemshwa kwenye birika: ni dawa ya kweli, na sena, yaani sanamaki iliyotengenezwa kiwandani, daktari anaweza kuiongeza kwa kipimo, lakini majani ya kuchemsha hakuna anayejua yana nguvu kiasi gani, na kwa mtoto wa kilo 11 kosa dogo ni kuharisha na kuishiwa maji. Mafuta ya nyonyo ni hivyohivyo. Wanaokushauri wanampenda mtoto, na wengine walilelewa kwa dawa hizo. Wasikilize kwa heshima, lakini usimpe.

Hatua ya nne: dawa ya kila siku

Njia ikishakuwa wazi unaingia kwenye sehemu ndefu. Makrogoli ya kuendelea nayo kwa kawaida huanza na gramu 0.4 kwa kilo kwa siku, ikipandishwa au kushushwa kati ya 0.2 na 0.8. Laktulosi, ambayo ndiyo inayopatikana zaidi kwenye maduka yetu ya dawa, ni sirapu nzito tamu yenye gramu 3.35 katika kila ml 5. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 4 kipimo kinachotumika sana ni ml 2.5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Hapo katikati pana tofauti kubwa, na ndiyo sababu mtoto wa jirani anaweza kuwa anapata mara tatu ya anachopata wako na wote wako sawa.

Fahamu inavyofanya kazi, itakupunguzia wasiwasi. Laktulosi ni sukari ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuimeng'enya. Inafika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wanaichachusha, na maji yanavutwa kuingia kwenye choo. Kwa kuwa inachachuka, mtoto atajaa gesi na kujamba sana siku za mwanzo. Hilo hupungua. Inaweza kuchukua saa 48 kabla ya kuona matokeo, kwa hiyo usiongeze dozi jioni ya siku ileile uliyoanza. Makrogoli haichachuki, inayashika tu maji iliyoyeyushwa nayo na kuyafikisha kwenye choo.

Pima kwa sirinji isiyo na sindano au kikombe kilichokuja na chupa. Vijiko vya nyumbani havifanani. Kijiko cha chai cha kwangu nilipokipima kilibeba ml 3 na kidogo. Mlaze mtoto kidogo mapajani, ncha ya sirinji iwe ndani ya shavu, siyo kooni, na usukume polepole huku akimeza. Akikataa, changanya na uji au juisi kidogo atakayoimaliza yote. Iwe saa zilezile kila siku. Sisi tulifungamanisha na kupiga mswaki: dawa kwanza, mswaki baadaye, na kwa sababu sirapu ni tamu meno nayo yakanufaika.

Kisha andika. Mimi nilitumia kalenda ya ukutani ya duka la vifaa, ile yenye vyumba vikubwa vya tarehe. Wiki yetu ya kwanza ilisomeka hivi: Jumatatu, 5 na 5, hakuna. Jumanne, 5 na 5, aina 3, alilia. Jumatano, 5 na 5, hakuna, alijificha nyuma ya mlango. Alhamisi, 7.5 na 7.5, aina 3. Ijumaa, aina 4, hakulia. Jumamosi, aina 4 asubuhi na 5 jioni. Jumapili, aina 4, alituita tukaone. Daktari alipoitazama kalenda ile, mazungumzo yalichukua dakika tano na dozi ikapangwa bila kubahatisha.

Unachokitafuta ni choo laini cha aina ya 4 au 5, mara moja au mbili kwa siku, bila kilio na bila kujificha. Kikiwa bado kigumu baada ya siku mbili tatu, kipimo kipande kwa kiasi mlichokubaliana na daktari. Kikiwa maji, kipunguzwe. Neno ni kupunguza. Ukiacha kabisa kwa sababu ameharisha siku moja, baada ya siku nne utakuwa umerudi nyuma ya pazia. Ikiwa ana kuhara kwa kweli, na homa au kutapika, hapo simamisha, mpe ORS na umwone daktari, kisha uulize lini uanze tena.

Mchaniko ukiwepo, mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi, mkaushe kwa kugusagusa, na mpake mafuta ya Vaseline kwa nje kabla ya muda wake wa kwenda haja. Choo kikilainika unapona wenyewe.

"Utumbo utazoea dawa"

Hili ndilo linalowafanya wazazi waache mapema, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Wiki ya sita, mtoto anapata choo kila siku, anacheka, na mimi bado nampa sirapu. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea.

"Mwanangu," akaniambia, "mtoto kapona. Ukiendelea hivi utumbo wake utalala, hatapata choo bila chupa."

"Mama, hii haiulazimishi utumbo. Inavuta maji tu, choo kiwe laini, kazi ya kusukuma anaifanya mwenyewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka asahau kuwa kiliwahi kumuuma. Daktari kasema miezi."

Akanyamaza, akatazama kalenda ukutani, akauliza alama zile maana yake nini. Nikamweleza. Kesho yake, ninajiandaa kwenda kazini, akasema, "Nionyeshe hiyo sindano ya plastiki inavyopimwa, ili ukichelewa nimpe mimi."

Nilichomwambia ndicho kilicho kweli kitaalamu. Laktulosi na makrogoli hazifahamiki kuufanya utumbo uzembee, na makrogoli karibu haiingii kwenye damu. Watoto wanaorudi hospitali kwa tatizo hilihili mara nyingi ni wale waliopewa kidogo mno au kwa muda mfupi mno. Mwongozo wa madaktari wa watoto ni huu: dawa iendelee angalau miezi 2, na isianze kupunguzwa mpaka dalili zote ziwe zimetoweka kwa mwezi mzima. Wengi wanahitaji zaidi, miezi 6 hadi mwaka, hasa waliokaa na tatizo muda mrefu kabla ya kutibiwa. Nunua chupa ya pili kabla ya kwanza kuisha.

Hatua ya tano: mrudishe kwenye poti bila vita

Kama ulikuwa umeanza kumfundisha poti na anakataa, mrudishie pampasi kwa sasa. Najua ni gharama na najua shangazi watasema. Mtoto anayeogopa choo akiondolewa pampasi anabana zaidi. Subiri wiki kadhaa za choo laini.

Baada ya chakula utumbo wenyewe unaamka na kusukuma. Tumia saa hiyo. Dakika 20 au 30 baada ya kifungua kinywa na baada ya chakula cha jioni, mkalishe dakika tatu hadi tano, si zaidi. Miguu ikanyage chini au juu ya kigoda, magoti yawe juu kuliko nyonga, kama anavyochuchumaa akicheza na mchanga. Choo cha shimo au cha kuchuchumaa kimeumbwa vizuri kwa mkao huo, lakini tundu lake linamtisha mtoto mdogo. Poti ya plastiki pembeni, mlango wazi na wewe umekaa naye, inatosha. Mpe puto alipulize au kipovu cha sabuni. Akipuliza, tumbo linasukuma chini bila yeye kuambiwa asukume.

Msifu kwa kukaa, hata kama hakikutoka kitu. Usimchape akijichafua, usimwaibishe mbele ya wageni, usiseme "uvundo huo!" mbele yake. Kwetu tulibandika nyota ya karatasi kila alipoketi. Hakikutoka? Nyota anapata. Huyu mtoto alikuwa anabana kwa hofu, na hofu haipungui kwa fimbo.

Chakula na maji

Nitakuwa mfupi, maana chakula kimesemwa sana mpaka wazazi wanaamini papai peke yake litatibu. Kwa mtoto aliyekwisha kuwa na puru iliyotanuka halitatibu. Mpe chakula chenye nyuzi kama mtoto yeyote anavyotakiwa kula, huku dawa ikiendelea.

Cha kuangalia zaidi ni maziwa. Mtoto anayekunywa maziwa ya ng'ombe kutwa nzima hana nafasi ya chakula kingine. Baada ya mwaka mmoja, nusu lita kwa siku ni kikomo kizuri. Nilipopunguza vikombe vya binti yangu ndipo alipoanza kugusa maharage. Wapo pia watoto wachache ambao protini ya maziwa yenyewe ndiyo inayowafunga choo. Daktari anaweza kupendekeza kuyaacha kwa wiki 2 hadi 4 kwa majaribio, lakini usiyaondoe peke yako bila kujua utampa nini badala yake.

Uji wa dona badala ya sembe. Mlenda, bamia, matembele, maharage yaliyopondwa, parachichi, embe. Sisi tuko Tanga, na msimu wa machungwa ya Muheza nilikuwa nampa vipande ale na nyama yake, sikumkamulia juisi, kwa kuwa ukikamua nyuzi unazitupa. Maji apewe na kila mlo na kila akitoka kucheza. Kumlazimisha maji mengi kuliko kiu yake hakuongezi kitu. Kama anatumia dawa ya madini ya chuma, mtajie daktari: chuma huweza kukaza choo, ila usiikatishe bila kuuliza.

Hatua ya sita: kuiacha dawa polepole

Mwezi mzima wa choo laini, hakuna kujificha, hakuna kilio, anakaa kwenye poti mwenyewe: sasa ongea na daktari kuhusu kupunguza. Usichague wiki ya safari, wiki ya kuanza chekechea, wala wiki mtoto mwingine anazaliwa nyumbani. Sisi tulipunguza ml 2.5 kwa siku, tukakaa wiki mbili, tukaangalia kalenda, tukapunguza tena. Aliyekuwa akipata ml 15 kwa siku ilituchukua karibu miezi mitatu kufika sifuri. Mara moja katikati, baada ya mafua na siku tatu za kukataa chakula, choo kilirudi aina ya 2. Tukapanda hatua moja kwa wiki tatu, kisha tukaendelea kushuka.

Kurudi namna hiyo ni kawaida na hakuna aliyekosea. Kinachotakiwa ni kukiwahi: choo kimoja kigumu, au siku mbili za kujificha, rudisha kipimo kilichokuwa kinafanya kazi siku hiyohiyo, usingoje aumie tena. Omba daktari akuandikie kwenye kadi kipimo hicho cha kurudia, ili usiku wa Jumamosi usibaki unakisia. Chupa iliyobaki iweke mahali asipofika, tazama tarehe ya kuisha muda kila miezi mitatu, na mkienda kijijini ibebe, pamoja na sirinji na poti yake.